Siku Nilipopima Mashine ya Sabuni

Mdogo wangu aliileta habari ile kabla hata hajavua viatu. Alisimama mlangoni jasho likimtoka, maana siku hizi mafuta ya gari ni ya kutafuta kwa tochi, na kutoka kiwandani mpaka nyumbani Kanyosha anakuja kwa miguu. Akasema:

"Yaya, mi nimeongea na patroni juu yako. Kuna kazi."

Kwetu sisi wa huku yaya ni ndugu mkubwa, si yule mwanamke wa kulea watoto. Nasema mapema ili msinicheke kwa hilo. Ya kunicheka yapo, subirini.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kiwanda cha sabuni anakofanya uhasibu kilikuwa na kompyuta ya zamani sana, ya enzi zile skrini zilipokuwa na kisogo. Mashine hiyo ilifanya mambo mengi kwa pamoja: ilisoma joto la matangi ya kuchemshia sabuni, ilichapa lebo za katoni, ilipokea uzito kutoka kwenye mizani. Sasa ilikuwa imeanza kuzubaa. Joto la tangi lilipanda, lakini namba kwenye skrini ilibaki palepale, kama haina habari. Patroni, mwenye kiwanda, alitaka kujua jambo moja tu: prosesa imejaa kazi, au haijajaa? Ikiwa imejaa, itabidi aagize mashine mpya ng'ambo, na dola mnajua zilivyo. Ikiwa haijajaa, basi ubovu uko kwenye nyaya na vipimajoto, na fundi wa umeme ataumaliza.

"Na ule mutu atajua kuipima," mdogo wangu akasema, "patroni atamubakiza. Atakuwa wa kuilinda hiyo mashine. Nimemuambia: mukubwa wangu anazijua hizo toka zamani."

Ni kweli nilizijua. Nilikula ujana wangu wote mbele ya mashine za namna hiyo, kwenye kampuni moja ya pamba iliyokwisha kufa. Kampuni ilipokufa, kodi ya nyumba ikatushinda mimi na mke wangu. Tukagawanyika kama vyombo vya urithi. Mimi nikaja Kanyosha kwa mdogo wangu, mke wangu akaenda Cibitoke kwa dada yake, upande wa pili kabisa wa mji. Tunaonana Jumapili baada ya misa, tunakaa kwenye ngazi za kanisa, watu wazima wenye wajukuu, kama wachumba wanaoogopa wazazi. Sikuwa na tamaa ya villa ya Kinindo, kwa matajiri. Nilitaka mshahara mdogo tu wa kupangia chumba kimoja, niweke kitanda, nimwambie mke wangu: njoo. Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kiwandani, mengine yote ni maneno.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikupewa, na laiti ningepewa. Kwa mdogo wangu nilikaa kama askofu. Shemeji, mke wa mdogo wangu, alinipigia goti akinimiminia maji ya kunawa, akaniwekea sahani sebuleni, akafunga mlango wa nyuma, akaniacha nile kwa raha zangu. Yeye na watoto walikula huko nyuma jikoni, kama ilivyo kawaida. Mdogo wangu akirudi jioni nikimkaribisha alisema, "Kula tu, yaya, mi nimeisha kula kazini. Kantini yetu inapika vizuri." Kwenye sahani kulikuwa na bugali, maharage ya kutosha, mara nyingine na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu yake. Nilimaliza yote, maana kubakiza ni kumdharau aliyepika.

Hapo mtu atasema nilikuwa nimestarehe. La! Nilikuwa naona haya mpaka mifupani. Nilijiona mimi ndiye wa mwisho katika nyumba ile: sina kazi, sina kitanda changu, hata shati la kwendea kanisani ni la mdogo wangu. Nilijifariji kwa jambo moja, kwamba angalau siwapunguzii kitu. Nilisema moyoni, ikiwa mtu wa mwisho kama mimi anapata sahani hii, nyumba hii ina chakula cha kumwaga. Na kila Jumapili nilimwambia mke wangu, "Usiwe na wasiwasi, kule kunaliwa."

Basi siku ikafika. Nikavaa shati lile la kuazima, tukaenda na mdogo wangu asubuhi, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama mwenda wazimu, nakumbuka amri za mashine. Zilinirudia zote. Nilijisikia kijana, nisiwadanganye.

Namna ya kupima ni rahisi, na uzuri wake ni huo urahisi. Mashine kama ile haina mikono mingi. Ina prosesa moja, na inazigawia kazi zake zamu, harakaharaka, mpaka unadhani zinakwenda zote kwa pamoja. Sasa wewe unaandika kiprogramu kidogo kisichokuwa na maana yoyote, kazi yake ni kuhesabu tu: moja, mbili, tatu, haina mwisho. Unakiweka nyuma ya wote. Unakiambia, wewe utahesabu pale tu ambapo wengine wote hawana la kufanya. Asubuhi, matangi yakiwa ya baridi na mashine imekaa bure, unaona kimehesabu kiasi gani kwa dakika. Halafu kazi ikiwaka, unaangalia tena. Kikihesabu kidogo, ujue wenzake wamekula muda wote, prosesa imejaa. Kikihesabu sana, ujue mashine inapiga usingizi. Yaani unaijua mashine yote kwa kumwangalia mnyonge wake.

Niliiandika programu hiyo mbele ya patroni bila kutazama karatasi. Akasema, "Ee, muzee!" Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni mikono kifuani, na nilimwona anajizuia kutabasamu. Pembeni alikuwapo pia binti mmoja mhandisi, wa umri wa kitinda mimba wangu, anayeangalia kompyuta zao mpya za ofisini. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Nikaandika na amri ya mwisho, ile ya kukipangia kile kihesabio nafasi yake kwenye foleni. Kwenye mashine zetu za pamba foleni ilipangwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo ya nyuma kabisa. Nikaweka namba ndogo kuliko zote. Nikapima mashine ikiwa bure, nikawaambia wawashe moto.

Matangi yakaanza kutokota. Harufu ya mawese ikajaa. Mizani ikaanza kupokea katoni, printa ya lebo ikaanza kulia. Nikatazama hesabu yangu: haikupungua hata kidogo! Ilikuwa kama mashine haijapewa kazi yoyote. Na wakati huohuo, kwenye skrini ya joto, namba zikasimama tuli, na printa nayo ikanyamaza. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilifurahi, kwa sababu niliona ushahidi.

"Patroni," nikasema, na sauti yangu nilijisikia mwenyewe ilivyonenepa, "mashine yako iko muzima. Imelala! Kazi yote hii haiitoi hata jasho. Uone mwenyewe: namba za joto zimesimama, na prosesa iko bure. Tatizo si mashine. Tatizo ni nyaya, ao ni watu wako wa huko kwenye matangi."

Ndivyo nilivyosema. Watu wako. Patroni akageuka akamtazama msimamizi wa matangi, baba mmoja mwenye mabuti ya mpira, na yule baba akaanza kujitetea: "Mi, patroni? Mi nagusa nyaya gani?" Nikamnyooshea kidole, Mungu anisamehe. Nikamwambia asione haya, kila mtu hukosea.

Hapo ndipo tangi la mwisho lilipofurika. Namba kwenye skrini ilikuwa inasema joto ni la kawaida, kumbe sabuni ilikuwa imechemka mpaka ukingoni. Povu la njano likashuka, likatambaa sakafuni, watu wakaruka huku na huku wakiteleza, mmoja akaanguka chali. Wakazima moto. Katika ghasia zile yule binti akasogea karibu yangu akasema kwa sauti ndogo, lakini palikuwa pameshakuwa kimya na kila mtu alisikia:

"Muzee, pardon. Hii namba umeweka hapa. Kwa mashine ya namna hii, ndogo ndiyo inapita mbele ya wote. Kubwa ndiyo inabakia nyuma."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa upesi mno. Akaomba ruhusa, akainama, akaibadilisha ile namba. Kihesabio changu kikaanguka pale pale, kikawa kinahesabu kwa kubahatisha, mara kinapata zamu, mara hakipati. Printa ikazinduka ikaanza kulia tena. Namba za joto zikakimbia kulifikia joto la kweli. Prosesa ilikuwa imejaa tangu mwanzo, mpaka juu. Na mimi nilikuwa nimeichukua yote nikakipa kile kijitu changu kisichofanya kazi, kikahesabu kwa raha mbele ya wengine wote, na kwa vile chenyewe hakikukosa kitu, nikatangaza kwamba hakuna anayekosa.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Yule baba wa mabuti aliokota brashi akaanza kusukuma povu, hakunitazama. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Patroni ni mtu mstaarabu. Alinipa mkono, akasema, "Asante sana, muzee, umetusaidia kujua." Kisha akatuma aletewe Fanta. Nilipoiona ile chupa inakuja kwenye kisahani nilijua yamekwisha. Mfanyakazi haletewi Fanta. Fanta ni ya mgeni, na mgeni ni mtu anayekwenda zake. Mdogo wangu ndiye aliyeifungua, akaufuta mdomo wa chupa kwa leso yake, akanipa kwa mikono miwili, kama kawaida, kwa heshima yote ya mkubwa. Niliinywa yote. Ningefanyaje, ningeiacha?

Binti mhandisi alinisindikiza mpaka getini. Akaniambia eti hata yeye angekosea, eti mashine hizo kila moja ina kichwa chake. Nilimchukia kwa adabu yake, nasema kweli. Nilitaka kuongea jambo lolote lisilokuwa mashine, na saa ya chakula ilikuwa imefika, nikamwuliza kantini yao iko upande gani, ile ambayo mdogo wangu anaisifu.

"Kantini?" Akacheka kidogo. "Hapa hakuna kantini, muzee. Tunakunywa maji, tunangoja kula mangaribi, tukirudi nyumbani."

Nilimuaga. Nilitembea mpaka Kanyosha juani na sikumbuki barabara. Mwanzoni nilikuwa nikijitukana kwa ajili ya ile namba: mzee mzima, mjuaji, kiherehere! Lakini nilipofika karibu na nyumbani nilikuwa nimeshaisahau namba. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu anakunywa maji.

Shemeji hakunitegemea mapema vile, lakini sahani ilikuwa tayari mezani, imefunikwa. Nikafunua. Bugali, maharage, ndagala chache juu. Nikaibeba. Nikafungua mlango wa nyuma nikatoka nayo mpaka jikoni, mahali ambapo sikuwahi kutia mguu tangu nihamie pale, maana mkubwa wa mume haingii jikoni kwa shemeji yake, hayo yanajulikana.

Walikuwa wameketi kwenye mkeka, yeye na watoto. Katikati kulikuwa na bugali dogo, na bakuli la maji ya maharage. Nasema maji. Punje zenyewe nilikuwa nazo mimi mkononi. Watoto walichovya, wakainua macho, wakanitazama, kisha wakaitazama sahani.

Shemeji aliruka akasimama mbele ya lile bakuli kama mtu anayeficha uchi wake.

"Shemeji! Unatafuta nini huku?"

"Nimekuja kula na nyinyi."

"Apana. Apana, shemeji. Rudi mezani."

"Watoto wale hii. Mi nimekunywa Fanta, nimeshiba."

"Shemeji, nakuomba." Sasa alikuwa ananong'ona, na machozi yalikuwa karibu. "Usitupatishe haya. Mudogo wako akisikia mukubwa wake alikula jikoni, atasema nini? Atasema mi nimeshindwa."

Akanipokonya sahani, kwa upole lakini akanipokonya, akairudisha sebuleni mwenyewe. Akaleta maji ya kunawa. Akapiga goti. Nikanawa, nikala. Nilikuwa najua sasa kila punje inatoka kwa nani, na nilikula, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, tunausema msemo huo tukiwaza matajiri. Mimi nisiye na hata shati nilikuwa ndiye niliyeshiba. Miezi yote hiyo nilijidhani niko mkiani mwa nyumba ile, kumbe nilikuwa kichwani, napita mbele ya wote, halafu natoa taarifa kwamba hapa kunaliwa.

Jioni mdogo wangu alirudi. Nilimkaribisha mezani. Akasema, "Kula tu, yaya, mi nimeisha kula kazini." Nilimtazama usoni, naye akanitazama, na wote wawili tulijua. Ningemwambia nini? Kwamba namjua mwongo? Uongo ule ndio ulikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kunipa bila kuomba kwa mtu.

Jumapili nikaenda misa. Mke wangu alikuwa ametoka kanisani kabla yangu, ameketi kwenye ngazi na kitenge chake cha bluu. Alikuwa anajua nimeitwa kiwandani, na alikuwa ameshaanza kuulizia vyumba kwa jirani za dada yake.

"Na kazi?" akauliza, hata salamu hatujamaliza.

Nikamwambia yote. Sikuficha povu, sikuficha yule baba wa mabuti, sikuficha Fanta. Alinisikiliza akitikisa kichwa, "Yoo, yoo," na penye mtu kuanguka chali alicheka, akaziba mdomo. Nilishukuru kwa kile kicheko. Kisha akataka kuelewa nilikosea wapi, maana yeye hapendi kuambiwa jambo nusu. Nikatafuta maneno ya nyumbani.

"Ni hivi," nikasema. "Ukitaka kujua kama chungu kinatosha watu wa nyumba, usimuulize anayepakuliwa wa kwanza. Muulize anayepakuliwa wa mwisho. Mi nilidhani nimeuliza wa mwisho, nikawa nimeuliza wa kwanza."

Akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Basi ungeniuliza mi," akasema.

Sikuelewa, nikamgeukia. Hapo ndipo nilipomtazama, nataka kusema nilipomtazama kweli, si kule kumtazama kwa kupitisha macho kwa mtu unayemjua. Mkono wake ulikuwa umekonda mpaka saa imeshuka kwenye kiganja.

"Kwa dada wanakula kwanza mume wake na wageni wake. Halafu watoto. Halafu dada. Halafu mi," akasema, bila uchungu, kama anayetaja majirani. "Siku zingine inafika. Siku zingine sufuria inafika, chakula hakifiki. Dada si mubaya, anaona haya, anajifanya hajaona."

"Kwa nini hukuniambia? Jumapili zote hizi?"

"Kila Jumapili ulikuwa unakuja kuniambia kwenu munakula vizuri. Nilifurahi. Nikasema, mumoja wetu anakula."

Watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi wakitusalimu, na mimi nilikuwa naitikia, sijui naitikia nini. Nikamwuliza tena, kwa hasira safari hii, hasira isiyokuwa na pa kwenda, kwa nini hakusema, mimi si mume wake?

Akanitazama kwa huruma.

"Ningekuambia," akasema, "ungefanya nini?"

Nilifungua kinywa. Alinisubiri, alinisubiri kweli, mpaka kengele ya misa ya pili ikagongwa na watu wakaanza kutuomba tusogee wapite.